Mali Ambayo Chifu Hajaiona

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya mirathi, mahakamani hapa Eldoret. Mbele yangu alisimama mama mjane kutoka kijiji cha Kiplombe, ameshika simu kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi wa moto. Bintiye aliye Uingereza alikuwa hewani, spika imewashwa.

Karani alipitia fomu, kalamu ikakwama. "Mama, hii bitcoin ni shamba ama ni ng'ombe?"

"Ni mali ya mzee wangu. Iko kwa mtandao."

"Basi lete barua ya chifu. Aandike ati ameiona."

"Hata mimi sijawahi kuiona."

Binti akadakia: "Huku sheria inasema hiyo ni mali! Inarithiwa tu kama nyumba!"

Karani akaiinamia simu, kwa upole kabisa. "Sawa, madam. Lakini mzee alikufia wapi?"

"Huko nyumbani, Kiplombe."

"Sasa hapo ndipo shida iko. Sheria ya huko haifiki Kiplombe."

Foleni nzima ikacheka. Mama hakucheka. Aliomba kalamu, akaipiga mstari ile bitcoin kwenye fomu, akabakisha shamba na ng'ombe wawili. Fomu ikagongwa muhuri hapo hapo. Nilitaka kumwambia asikubali, aende juu zaidi, lakini sikujua ningemwelekeza kwa nani.

Serikali yetu hii hii iliwahi kuitoza kodi mali kama hiyo bitcoin. Siku ya kutoza kodi, hakuna aliyemtafuta chifu.