Umeme wa Kutunzwa Kama Sahani za Kabatini

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usimpunguzie baba yako hata neno.

Baba yako alinunua gari linalokula vyakula viwili: petroli, na umeme wa kuchomeka ukutani. Alilisifu hapa Bunju mpaka majirani wakaanza kupita njia ya nyuma. Alinieleza kwamba barabara tupu ni ya petroli na foleni ni ya umeme, kwa kuwa injini huchoma mafuta bure gari likisimama. Sikukanyaga darasa, lakini hilo nililielewa upesi: mkaa ni wa maharage, gesi ni ya chai.

Siku ya ndoa ya mjukuu wa mdogo wangu, kule Mbagala, nilitakiwa nifike kabla ya adhuhuri. Nilikwisha kukosa ndoa mbili za nyumba ile, na mdogo wangu alikuwa ameapa kwamba nikikosa ya tatu, hatakanyaga kwangu hadi nizikwe. Baba yako akasema, "Usihofu, mama, leo utasafiri kwa umeme." Tangu alfajiri alichomeka gari, akazima jokofu na kuninyima pasi, ati nyaya za nyumba zisielemewe. Nikavaa gauni lenye mikunjo kama uso wangu.

Tegeta tukakuta foleni, na injini ikanguruma. Nikauliza umeme uko wapi.

"Upo, mama. Nimebonyeza kitufe cha kuutunza. Foleni hii bado ndogo."

Mwenge magari yalisimama kabisa.

"Na hii?"

"Hii ya kawaida tu. Foleni yenyewe iko mbele."

Basi tukawa tunaisaka foleni inayostahili umeme wake, kama mwenye kabati la sahani nzuri anayemngoja mgeni ambaye hajazaliwa. Nakiri, kabati hilo lipo sebuleni kwangu, na baba yako hajawahi kula kwenye sahani zake. Ubahili huo aliurithi kwangu. Lakini mimi sijamchelewesha mtu ndoa kwa ajili ya sahani.

Kabla ya Ubungo taa ya petroli ikawaka. Akaingia kituo cha mafuta, nyuma ya msururu mrefu, akakunja mikono kama mtu aliyefika. Adhana ya adhuhuri ikasikika.

"Wewe," nikamwambia, "betri imejaa?"

"Pomoni, mama!" Alijibu kwa fahari.

"Unamtunzia nani? Yupo anayekuja kukuposa? Bonyeza!"

Akabonyeza. Gari likatoka pale kimya kama paka aliyeiba samaki, likatufikisha Mbagala bila kuomba tone.

Ndoa ilikuwa imekwisha fungwa, na wageni walikuwa wakikomba ukoko wa pilau. Mdogo wangu alinikuta mlangoni, akanitazama gauni, kisha gari.

"Shikamoo, dada. Umewahi. Masufuria bado hayajaoshwa."

Akanirushia kanga na dodoki. Mtu aliyekukata undugu hakupi dodoki lake. Nikajua kiapo kimelegea. Nikajifunga, nikakaa kwenye kigoda, nikasugua mbele ya wakwe wote. Baba yako nikamwita asuuze. Alikuja na shati lake jeupe, akafungua bomba, maji yakawa yanadondoka tone moja moja.

"Fungua lote," nikamwambia, "kabla hawajaoana wengine."