Mgonjwa Aliyetoroka Wageni

Juzi, kwenye duka la dawa pale Makandana, mwalimu mmoja mgeni kutoka ng'ambo aliweka cheti cha hospitali juu ya kaunta.

"Dada, niambie ukweli. Ninakufa?"

Muuzaji akakisoma taratibu. "Ni mafua tu, mwalimu."

"Basi mbona walimu wenzangu wamejaa sebuleni kwangu, wamekaa kimya? Mmoja ameleta mkungu wa ndizi. Mwingine amesali."

"Wamekuja kukupa pole. Umewaaga lakini?"

Akainamisha kichwa. "Nimetokea mlango wa nyuma."

"Rudi upesi, wasije wakaanza kukutafuta."

Foleni nyuma yake ilicheka, nami niliyekuwemo nikacheka. Ila mwezi uliopita niliugua juma zima. Simu yangu ilijaa pole, na viti vyangu vyote vikabaki vitupu.