Msoma Habari wa Manyoya ya Kondoo

Mimi ndiye niliyemwelekeza mama mdogo sura ya yule msoma habari. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya ndugu, na hata mbele ya padri ambaye hakuniuliza.

Mama mdogo alikaa Bunda, na kazi yake haikuwa na soko. Alichukua manyoya ya kondoo wa masista wa kule Butiama, akayafua kwa majani ya mpapai kwa kuwa sabuni ilikuwa hadithi, kisha akayachomachoma kwa sindano yenye vimeno mpaka yakashikana na kuwa kichwa cha mtu. Sista mmoja alimfundisha kutengeneza Yosefu na Maria. Mama mdogo akaona hao wametosha, akahamia kwa watangazaji wa redio.

Hakuna kati yetu aliyewahi kuwaona, kwa hiyo aliwatengeneza kwa kufuata sauti. Msoma matangazo ya vifo alipewa shingo ndefu na macho ya mbuzi aliyenyeshewa. Mtangazaji wa mpira alikuwa mdomo mtupu uliopachikwa masikio. Bibi wa kipindi cha wakulima alipata mashavu ya mtu anayekula vizuri, ishara kwamba hakuwa mkulima. Betri zilishinda juani zikitafuta nguvu, na jioni majirani walijaa sebuleni wakiitazama safu ile ukutani kama baraza la mawaziri. Afadhali hawa, walisema, wanasikika.

Aliyemshinda ni msoma habari wa saa mbili usiku. "Sauti yake haina uso," alilalamika. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, nimejaa maneno marefu na kunguni wa bweni la wasichana. Nikasema namfahamu, tunakunywaga naye chai.

"Basi niambie alivyo."

Nikamwambia: paji pana, ndevu zilizochongoka, mwanya, na unyusi mmoja ulio juu kuliko mwenzake, kama mtu anayeisahihisha dunia. Sura niliyoieleza ilikuwa ya mhadhiri wangu wa uchumi, aliyetufundisha kwamba soko ni wizi. Nilikaa mstari wa mbele kumsikiliza na sikuelewa kitu.

Kichwa kilitoka kizuri kuliko mwenyewe. Watu walikipa heshima, wengine walikiamkia.

Kisha soko likaruhusiwa. Ikaja mitumba, ikaja sabuni ya rangi, na hoteli moja ya Musoma ikaweka televisheni. Mama mdogo akaongozana na majirani kwenda kumwona mtu wake. Akatokea mzee mnene, mwenye kipara, asiye na ndevu hata za kuazima.

"Mama, huyu wako kanyolewa na nani?" jirani mmoja akauliza, na hoteli nzima ikacheka.

Nilipoulizwa, nilisema sikumbuki kumwelekeza mtu yeyote. Mama mdogo akavishusha vichwa vyote ukutani, akavitia kwenye gunia, na sindano akaitupa juu ya kabati. Fundi aliyesifiwa kwa mkono usiodanganya sasa alikuwa mwanamke anayeota ndevu za wanaume. Mimi nilikuwa nimeanza kuandika makala kuhusu ukweli.

Miaka ikapita. Siku moja simu ya ofisini kwangu Mwanza ikalia.

"Msomi wangu, mtangazaji wako yuko hapa."

"Yupi, mama mdogo?"

"Wa ndevu. Kaja na gari la mradi kutufundisha akina mama kutafuta soko. Nimekitoa kichwa kwenye gunia, nimekiweka karibu na uso wake. Majirani wote wameona. Mpaka unyusi!"

Nikaufunga mlango wa ofisi.

"Anasema hajawahi kusoma habari popote. Anasema alikufundishaga. Ulikuwaga unakaa mbele kabisa, unamtazama tu. Hii simu ni yake, na jirani yangu kabandika sikio hapa. Sema kwa nguvu: mimi nilikosea wapi?"

"Hukukosea, mama mdogo. Ni mimi."

Nyuma yake vikapigwa vigelegele.

"Haya. Anataka kukinunua."

"Utamuuzia?"

"Nimemwambia kina mwenyewe. Njoo umchukue mchumba wako, mwanangu. Nimeishusha sindano kabatini, nahitaji ukuta."