Mitaro ya Mama Kule Lemera

Ko, ko, ko. Jembe la mama likigonga mawe: sauti hiyo ningeitambua hata katikati ya soko. Nilikuwa na miaka tisa, na shamba letu la Lemera lilikuwa limeinama hata haragwe likidondoka linabingirika mpaka bondeni. Kila mvua iliondoka na udongo wetu. Wetu, nasema tu. Shamba lilikuwa la Baba Riziki, na sisi tulililipia kwa kumlimia siku mbili kila juma.

Msimu ule mama alijifunza kuchimba mitaro ya kukata mlima, ili maji yasimame. Mimi nilibeba kipimo: vijiti vitatu vilivyofungwa kama herufi A, jiwe likining'inia kwa uzi. Jiwe likitulia katikati, hapo ni sawa, chimba. Nilitembea nacho kama injinia, huku kichwani najijengea nyumba ya mabati. Baba Riziki alipita akacheka: "Mama Furaha, unamuchimbia nani kaburi?" Mama akajibu bila kuinuka: "Njaa, baba. Iko murefu, ndiyo maana shimo haiishe."

Tulipanda majani ukingoni, yashike udongo. Baada ya misimu miwili udongo ulikuwa mweusi, unanukia, na maharage yalipanda vijiti hadi juu ya kichwa changu. Baba Riziki akarudi. Safari hii hakucheka. Aliokota udongo, akaufinya.

"Shamba iko muzuri sasa. Musimu unaokuja nitalima minye mwenyewe."

Mama akamuuliza: "Wakati ilikuwa mawe, weye ulikuwa wapi?"

Baba Riziki akatuonyesha kipande kingine cha kulima, kule juu, mawe matupu. Huko mama hakuchimba hata mtaro mmoja. Nilipomletea kipimo, alikivunja gotini, akakiwasha chini ya sufuria.

Leo nakaa Kimanga, mjini Uvira, nauza mandazi, na sina hata mahali pa kupanda kitunguu. Bado naota, maana ndivyo nilivyo, lakini ile nyumba ya mabati sasa ina chumba kimoja. Mwaka jana nilipanda mlima hadi Lemera peke yangu. Watoto wa Baba Riziki walikuwa wamefukia mitaro ili waongeze mistari michache ya muhogo, na udongo mweusi ulishakwenda. Mawe yamerudi. Mvua ikaanza. Nikapiga magoti pale mtaro wa kwanza ulipokuwa, nikafukua kwa vidole, urefu wa mkono wangu. Maji yakaingia, yakatulia kidogo, yakajaa, yakamwagikia chini. Nikafuta mikono kwenye kitenge, nikateremka.