Mkalimani wa Benchi la Vijana

Meneja wa timu alinisukumia traksuti kifuani, ikiwa bado ndani ya nailoni yake, akasema, “Vaa tu, muzee. Ni dakika tisini.” Nikavaa. Neno hapana nalijua kwa lugha tano, na siku ile halikunitoka hata kwa lugha moja.

Timu yenyewe ilikuwa ya taifa, ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba, na taifa lilikuwa langu, lile nililolikimbia zamani nikiwa na mke, binti mmoja na sufuria mbili. Walikuwa wamealikwa Lilongwe, Malawi, kwa mashindano ya kanda. Mimi ni mkimbizi wa kambi ya Dzaleka, nje ya mji huo. Maana yake ni kwamba nimesema mbele ya serikali ya watu wengine, nikatia na dole gumba, kuwa naogopa kurudi kwetu na kwamba kwetu hakuna wa kunilinda. Nililisema jambo hilo mara nyingi na lilikuwa kweli kila mara. Halafu nikavaa nguo yenye jina la nchi ile mgongoni na bendera yake kifuani, nikaenda kukaa mbele ya kamera.

Tena niliivaa wakati mbaya kuliko nyakati zote. Binti yetu alikuwa amekwisha kwenda Australia na mume wake, na faili letu sisi wawili, mimi na mama yake, lilikuwa limebakiza mahojiano ya mwisho ili tumfuate. Tulikuwa tumelingoja faili lile kwa miaka mingi. Mke wangu alikuwa anapoteza macho kwa sababu ya sukari, na alitaka kumwona mjukuu wake kabla macho hayajafunga kabisa. Hakuna mtu aliyenificha mambo hayo. Niliyajua yote nilipokuwa nafunga zipu.

Kazi niliipata kwa sababu ya zahanati. Kambini nilikuwa natafsiri pale kwa wagonjwa wasiojua Kiingereza wala Kichewa, na bwana mmoja wa kamati ya mapokezi mjini alisikia kuna mzee anayejua lugha ya timu ile, Kifaransa na zote za huku. Alinitafutia kibali cha kutoka kambini kwa siku kumi. Nilipomwambia mke wangu, aliacha kuchambua maharage.

“Utakaa wapi kwa uwanja?”

“Na watazamaji. Kazi yangu njo kwenye lodji, kuongea na wapishi na dereva.”

“Ukae mbali na bendera yao, muzee. Tuko na faili.”

“Mi si mutoto, mama.”

“Njo maana nakuambia. Mutoto ningemukataza tu.”

Timu ililazwa kwenye lodji moja mtaa wa Area 49, na siku mbili za kwanza zilitosha kunizeesha upya. Meneja alipoteza orodha ya wachezaji kila asubuhi, na kila asubuhi aliniuliza mimi nimeiweka wapi. Vijana walikataa nsima, ugali mweupe wa huku. “Muzee, hii ni chakula ao ni chokaa?” aliuliza beki mmoja mrefu, na wenzake wakaanguka kwa kicheko. Walitaka ndizi za kupika na maharage. Mpishi, mama wa Kimalawi mwenye mikono mizito, akanigeukia mimi kana kwamba nimewazaa.

“Agogo, waambie wajukuu zako kwamba mama yao hapiki hapa.”

Niliwaambia. Wakauliza kama kuna mchuzi mwingine. Nikarudi kwa mama. Mama akasema mchuzi ni ule ule wa wanaume wote wa Malawi na hawajafa. Nikarudi kwa vijana. Nilitembea hivyo kati ya jiko na meza hadi chakula kikapoa, na cha ajabu wakakila chote.

Siku ya pili golikipa aliumia kidole mazoezini, nikampeleka hospitali ya Likuni. Tulikaa kwenye benchi la kungojea nusu siku. Alikuwa mtoto wa mlimani, wa tarafa moja na ile niliyozaliwa mimi, na alinieleza barabara mpya inapopita sasa na ni shamba gani limekatwa. Nesi alipofika aliuliza kwa Kichewa kama mimi ni babu yake. Nikajibu ndiyo. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, lakini nakumbuka ulivyonipa joto. Kwa miaka yote ya kambi mimi nilikuwa namba ya kadi. Hapa nilikuwa babu wa golikipa wa taifa. Nadhani traksuti nilianza kuivaa pale.

Mechi ya kwanza nilikaa na watazamaji, nyuma ya wavu wa uzio, kama nilivyoahidi. Kipindi cha pili kiungo wetu aligongwa, akatokwa damu puani, akatoka nje. Mwamuzi wa akiba alimweleza kocha kwa Kiingereza kwamba kijana atarudi akibadili jezi yenye damu. Kocha wetu, mtu wa Kifaransa na kelele, alidhani mtoto amefukuzwa. Akaanza kumtetea kwa mikono miwili. Mwamuzi wa akiba akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Kocha naye akapandisha yake. Mimi nilishika wavu nikipiga kelele, “Jezi! Jezi! Badilisheni jezi!” Watu wa Lilongwe waliokaa karibu nami walidhani naimba, wakaitikia. Jukwaa zima likawa linaimba jezi, jezi, na ngoma juu, huku kiungo wetu amesimama nje na pamba puani. Tulicheza pungufu hivyo hadi wakatufunga mawili. Mechi iliisha nne kwa bila.

Asubuhi ya mechi ya pili ndipo meneja alipokuja na nailoni yake. Sheria ya mashindano ilikuwa kwamba anayekaa benchi lazima awe ndani ya orodha ya msafara, avae baji shingoni na nguo ya timu. Alikuwa amekwisha kuniandika kwenye orodha, ile ile ambayo kwa mara ya kwanza hakuipoteza.

“Mi ni mukimbizi,” nilimwambia.

“Nani anakuuliza? Unaona vile walitufunga juu ya jezi? Batoto wanalia tangu jana.”

“Mpe kocha simu imtafsirie.”

“Simu haina adabu yako, muzee. Vaa.”

Nilicheka, na mtu akishacheka amekwisha kukubali nusu. Nusu iliyobaki niliikubali mbele ya kioo cha chumbani. Ilinikaa vizuri. Koti langu nililoondoka nalo nyumbani nililikunja nikaliweka chini ya mto, na nilijua ninachofanya, kwa sababu nilipompigia mke wangu simu mchana ule nilimwambia niko na watazamaji.

Kazi ya benchi haina heshima niliyoitegemea. Kocha alisimama kwenye mstari dakika zote akitukana, na kila tusi alitaka litafsiriwe.

“Mwambie huyo mwamuzi wa akiba kwamba refa wake ameazima macho kwa popo, na popo mwenyewe alikuwa amelewa!”

“Nimwambie hivyo?”

“Hivyo hivyo! Usipunguze!”

Nikamgeukia mwamuzi wa akiba, kijana mpole mwenye saa mbili mkononi. “Kocha anakusalimu,” nikasema kwa Kiingereza. “Anauliza zimebaki dakika ngapi.”

“Maneno yote yale ni hayo tu?”

“Lugha yetu ni ndefu, bambo.”

“Zikomo,” akashukuru. “Mwambie ishirini na mbili.”

Nilimgeukia kocha nikamwambia kwamba ameonywa kwa mara ya mwisho. Alitulia dakika tano, utulivu pekee nilioupata siku ile.

Kisha ikaja kona. Yule beki mrefu wa chokaa aliruka juu ya watu wote akaupiga mpira kwa paji la uso, ukaingia. Lilikuwa bao letu pekee katika mashindano yote, nasi tulikuwa nyuma kwa bao moja, kwa hiyo tulisawazisha. Sijui nilinyanyukaje. Nina goti bovu, siruki hata mfereji. Lakini picha ipo: niko juu, miguu yote miwili imeacha ardhi, mikono imefunguka, mdomo wazi, bendera imejaa kifua kizima, na kocha amenikumbatia kiunoni. Mpiga picha wa mashindano aliipenda. Jioni ile ile ilikuwa kwenye simu za watu.

Mechi ya tatu tulifungwa tukatoka. Vijana waliondoka alfajiri, golikipa akalala begani pangu njia nzima hadi uwanja wa ndege, na meneja akanidai orodha. Nikavaa koti langu, nikapanda minibasi, kisha kabaza, baiskeli ya abiria, kutoka barabara kubwa hadi nyumbani. Mwendesha baiskeli aligeuza shingo kunitazama mara tatu.

Picha ilikuwa imenitangulia. Sokoni mama anayeuza dagaa alisimama na kunipigia saluti. “Karibu, bwana balozi! Kumbe kwetu iko amani. Utatupakia lini turudi?” Wengine wakacheka, na kicheko kile kilikuwa nusu tu ya utani. Wako watu Dzaleka waliokimbia mambo yale yale niliyoyakimbia, na tangu siku hiyo walinyamaza nilipokaribia. Jirani yangu wa ukuta mmoja, tuliyekuwa tukigawana chumvi, aliniuliza kwa upole kama nimeanza kuandikia ubalozi habari za kambi. Nilimjibu vibaya.

Mke wangu hakupiga kelele. Alikuwa ameomba simu ya jirani yenye picha ile, akaishika karibu na jicho lake zuri mpaka akaniona.

“Uliruka juu sana,” akasema.

“Walifunga bao, mama.”

“Uliniambia uko na watazamaji.”

Alinipa chakula, akaenda kukaa nje.

Mahojiano yalikuja baada ya miezi kadhaa. Kwa utaratibu wa ofisi inayoshughulikia mafaili ya Australia, hakuna mtu anayejitafsiria, hata awe mkalimani. Nilipewa kijana wa Kivu, na kazi yangu ya maisha ikawa mdomoni mwa mtu mwingine. Nikisema “tuliogopa kuuawa”, yeye anasema kwa Kiingereza “walikuwa na wasiwasi”. Nilijaribu kumsahihisha, na bibi aliyenihoji, mwanamke mdogo mwenye adabu, akaniomba nijibu maswali tu. Kisha akageuza kompyuta yake, nami nikajiona niko hewani.

“Huyu ni nani?”

“Ni mimi.”

“Hii ni timu ya taifa gani?”

Nikataja.

“Nchi ambayo umesema unaogopa serikali yake?”

“Ndiyo.”

“Na jina lako liko kwenye orodha ya msafara wao?”

“Ndiyo.”

Nilieleza habari ya jezi, damu ya pua, sheria ya benchi. Kijana wa Kivu alitafsiri vizuri sehemu hiyo, na hata kwa Kiingereza chake kizuri ilisikika kama hadithi ya mtu aliyekamatwa. Bibi aliandika. Hakunigombeza. Ningekuwa kwenye kiti chake ningeuliza hayo hayo.

Kwa mwaka mzima sikumsalimu jirani yangu, nikiamini yeye ndiye aliyepeleka picha kwa ofisi ile. Hakuna aliyehitaji kuipeleka. Ilikuwa wazi kwa dunia nzima, na mtu yeyote angeweza kuipata kwa kuandika jina la mashindano. Nilikwenda baadaye kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, lakini mambo ya kugawana chumvi hayakurudi.

Majibu yalipokuja yalikuwa mawili. La mke wangu lilikuwa zuri. Langu lilisema ombi limewekwa kando kwa uchunguzi, bila kutaja muda. Nilipanda hadi Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, kutafuta wa kumweleza. Nikatumwa mlango huu hadi ule, nikiandika jina langu kwenye daftari la kila mlinzi, na kila niliyemwona alikuwa mtu mwema asiyehusika. Wa mwisho aliniambia mke wangu anaweza kutenganishwa na faili langu akasafiri, au angoje pamoja nami. Angoje hadi lini? Hakujua.

Binti yetu alipiga simu karibu kila siku. Daktari wa huko alikuwa amemwambia kwamba jicho lile moja bado linaweza kuokolewa likiwahiwa. Mke wangu alikataa kuondoka kwa miezi minne. Alisema alikuja na mimi na ataondoka na mimi. Nikamwambia kwamba nitamfuata, uchunguzi ni wa wiki chache. Ni mimi pia niliyemshika mkono akaweka dole gumba kwenye karatasi ya kututenganisha, kwa kuwa mstari hakuuona.

“Na we, utapikiwa na nani?”

“Mi najua kupika.”

“Unajua kuchemsha maji, muzee.”

Hayo ni karibu ya mwisho tuliyosema tukiwa tumekaa pamoja. Asubuhi ya basi kulikuwa na watu wengi na mizigo mingi, na msimamizi alikuwa anasoma majina haraka.

Amefika. Jicho moja limepona, amemwona mjukuu, na kwenye simu sauti yake ni nzuri. Mwaka jana barua iliniambia kwamba ombi langu limefungwa na halitafunguliwa tena. Yeye hawezi kurudi huku, hali yake hairuhusu na mimi nisingependa. Tulikuwa tumeoana miaka thelathini na minane. Nilijitakia kukaa benchi lile, nikamdanganya juu yake, na kwa ajili hiyo nimempoteza mke wangu akiwa hai: yuko Australia, mimi niko Dzaleka, na hatutaonana tena.