Gitaa Niliyoiteka Matangani

Mizimu wanayoisimulia wenzangu huja usiku wa manane. Huyu wangu alikuja jioni, mvua ikinyesha, nami niko macho na sijaonja hata tone la pombe. Sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, hapa Manika, mtaa wa Kolwezi, kwenye baraza ninapokunjia vitenge vyangu vya sokoni.

Marehemu tata Kabamba, kwetu tata ni baba, alikuwa dereva wa lori kwenye machimbo ya Mashamba, na ukoo wake na wetu ni watani. Kwetu mtani huja matangani kuwachekesha waliofiwa, na ana ruhusa ya kuteka kitu cha marehemu mpaka familia ikigomboe. Basi nikaangua gitaa yake ukutani mbele ya watu wote, nikatangaza kwamba haitoki mikononi mwangu bila kuku. Mjane alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kwa kawaida kitu hicho hugombolewa kabla matanga hayajavunjwa. Lakini ndugu walimchukua mjane na mtoto wake haraka kwenda Likasi, gitaa ikabaki kwangu. Kitu cha namna hiyo hakitumiwi, kinawekwa tu. Nami nilikiweka, kweli, mpaka siku nilipokuwa nafuta vumbi, kidole kikagusa kamba.

Wewe umewahi kupiga gitaa nzuri? Sisemi zile za mbao za maboksi. Hii aliinunua Ndola enzi za safari zake ndefu: ndogo, kiuno chembamba, kamba zimelala karibu na shingo, haziumizi vidole. Mimi ni mfupi. Gitaa ya kwaya, niliyojifunzia, hunifika kidevuni. Hii ilikaa pajani pangu kama mtoto aliyeshiba. Ukiigusa kidogo tu inajibu, ukinyamaza bado inasema. Nilikuwa napika huku naiwaza. Niamini, nilianza kuomba ile familia isahau.

Jioni hiyo umeme ulikuwa umekatika, nami napiga taratibu. Nikasikia hodi. Kuinua macho, tata Kabamba amesimama na buti zake za kazi. Mvua inamwagika, nguo zake ni kavu. Kwapani ana kuku mweupe.

Ningepiga kelele? Mtani hamkimbii mtani wake, hata akiwa amezikwa. Akasema kwa upole kwamba amekuja kugomboa kitu chake. Nikajikaza kumjibu kiutani.

"Tata, hii kuku ni kadogo. Rudia, ulete mbuji."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. Nikadhani nimeponea hapo. Kisha akaacha kucheka.

"Mutani, mi nilichoka kutembea. Mutoto wangu halalake. Alizoea kulala na hii gitare."

Ningeweza kudai mbuzi, halafu ng'ombe, desturi inaniruhusu. Lakini nilimtazama yule baba, huruma ikanishinda. Nikapokea kuku, nikamnyooshea gitaa. Hakuipokea.

"Upeleke we mwenyewe," akasema. "Kule habanione."

Nikaelewa: kule Likasi wake hawamwoni. Akashuka barazani, sikumwona tena.

Kulipokucha nikapanda basi la Likasi. Mjane alipoiona gitaa alikaa chini, akaniuliza kama kuku alifika. Kuku gani, nami sijatamka neno? Akanieleza kwamba alikosa mtu wa kumtuma Kolwezi, mtoto analia kila usiku, mpaka kwa hasira akaiambia picha ya mumewe: "Gitare ni yako. Peleka kuku we mwenyewe." Jioni hiyo kuku wake mweupe hakurudi bandani.

Mtoto nilimpigia wimbo mmoja. Kabla sijaumaliza alikuwa amelala. Nikabaki kwao wiki nzima nikimfundisha mama yake, kidole kwa kidole, nikijua kila anachokishika yeye mimi nakiacha. Nililia ndani ya basi wakati wa kurudi, wala sioni haya kusema.

Kuku bado yuko uani kwangu. Kumchinja nimeshindwa.

Nawe uliye na watani, sikiliza. Ukiteka kitu cha marehemu, dai fidia nyepesi, kiweke juu ya kabati, usikiguse. Ukikigusa utakipenda. Cha marehemu kina wa kukigomboa. Lakini mimi, mvua ikianza jioni na vidole vyangu vikatafuta shingo ile nyembamba, nani atanigomboa?