Hakuna Jipya, Mama

Kwetu habari ya kifo haisemwi kwenye simu. Baba alipofariki nilikuwa chuo Mbeya, na mama alinipigia kutoka Iringa kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba yako anaumwa kidogo. Njoo umwone." Nilipofika nyumbani Kihesa nilikuta turubai limeshafungwa uani na wanawake wameketi chini. Sikumlaumu mama. Hata mimi ningefanya hivyo, maana mtu habebeshwi mzigo kama ule akiwa peke yake njiani.

Miaka ikapita, nikaajiriwa Mbeya kutunza seva ya kliniki kadhaa za nyanda zetu, ikiwemo moja ya Iringa. Mgonjwa akipimwa, majibu yakitoka, programu iliyo kwenye seva hiyo inamtumia ujumbe kwamba yapo tayari, afike. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Tulipokuwa tunaisimika programu hiyo, simu yangu ndiyo ilitumika kwa majaribio, ikalia siku nzima kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Nikachukia, nikaiandika namba yangu kwenye orodha ya namba zisizotumiwa kitu. Ikanyamaza, nikasahau.

Mama alikuwa ameuza nyanya kando ya barabara Ilula miaka mingi, hadi magoti yakamkatalia akarudi Kihesa. Alikuwa na simu ya vitufe ya kupiga na kupokea tu; maandishi yake madogo hakuyaona. Siku moja aliniambia amekwenda kliniki, wamemchukua vipimo. Alilisema hilo katikati ya habari za kuku na majirani. Nikampa pole, nikadhani ni presha. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini sikuuliza. Nilikuwa na haraka zangu.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada alinipigia, na kila mara alimalizia kwa swali lilelile.

"Huko kwako hakuna jipya?"

"Hakuna jipya, mama."

"Haya mwanangu. Mungu yupo."

Kisha nikapata semina ya siku mbili Iringa, nikamtokea mama bila taarifa, na mfuko wa mchele wa Ubaruku begani. Aliponiona mlangoni hakushangilia kama ilivyo desturi yake. Aliingia ndani, akabadili kitenge, akaketi kwenye kiti cha baba, mikono juu ya mapaja.

"Sema, mwanangu," alisema. "Nimekaa."

Nilicheka. Nikamwambia nimekuja kwa semina, nikausifia mchele, nikaongea sana kuhusu mabati ya jikoni yaliyokuwa yanavuja. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliponisindikiza aliushika mkono wangu muda mrefu kuliko kawaida. Niliona amekonda, nikamwambia ale vizuri, nikapanda gari.

Wiki hiyohiyo nesi wa kliniki ya Iringa alinipigia. Kuna mgonjwa, alisema, majibu yake si mazuri, ametumiwa ujumbe mara tatu na haji. Jina hakunitajia, kanuni inakataza, fundi anapewa namba ya faili tu. Hata yeye nesi, namba ya simu ya mgonjwa haioni yote. Mfumo unamwonyesha tarakimu tatu za mwisho, siri ya mgonjwa isivuje, na sisi mafundi tulijisifu sana kwa jambo hilo. Alinisomea hizo tatu. Sikuziandika.

"Kwenye kioo chako inaonyesha nini?" nilimwuliza.

"Imetumwa."

"Basi imetumwa, dada. Hawa wazee wanabadilisha laini kama nguo."

"Si uangalie tu, kaka?"

"Nimeangalia. Seva haina kosa."

Na kweli haikuwa na kosa, ndiyo maana inaniuma hivi. Seva huandika kile tu ulichoiagiza iandike. Yangu nilikuwa nimeipangia kumbukumbu za makosa peke yake, ili diski isijae. Kuiruka namba iliyokatazwa si kosa, ni utii, kwa hiyo haikuandika chochote. Nilifungua faili la kumbukumbu, nikaliona jeupe, nikalifunga na kwenda kunywa chai.

Baada ya wiki mbili nesi alipiga tena, na safari hii sauti ilikuwa inamkatika. "Kaka, huyu mama atafia nyumbani."

Nikaona aibu. Nikafungua mipangilio, nikapandisha kumbukumbu hadi kiwango cha kina kabisa, kwa seva nzima, ili kila hatua iandikwe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu: haikufika saa moja diski ikajaa, programu ikasimama, na kliniki zote zikaanza kunipigia kwa mkupuo. Nikafuta, nikajitukana, nikaanza upya kama inavyompasa fundi. Kumbukumbu za kina kwa sehemu ya ujumbe tu, kwa faili la mgonjwa huyo tu. Nikamwomba nesi atume mara ya nne.

Mistari ikaanza kutoka. Ujumbe umepokelewa. Namba imesomwa. Namba imo kwenye orodha ya zisizotumiwa kitu. Ujumbe umerukwa. Weka alama: imetumwa.

Na hapo katikati, namba yenyewe, tarakimu zote kumi. Nilianza kuisoma kwa sauti, kama mtu anayemtajia mwenzake, na tarakimu tatu za mwisho nikazitaja bila kutazama kioo. Ilikuwa namba yangu.

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu wa kuiandikisha namba yangu kliniki kama yake. Wazee wetu wote hufanya hivyo. Akiulizwa simu, anatoa ya mtoto anayesoma, na kwake habari ikishafika kwa mtoto imefika nyumbani. Sisi tuliokaa vikao kuupanga ule mfumo tulikuwa watoto wa wazee haohao, na hakuna aliyelikumbuka hilo, mimi nikiwa wa kwanza.

Niliifuta namba yangu kwenye orodha, nikaamuru ujumbe wote uliorukwa utumwe. Simu ikalia mezani mara nne. Majibu ya vipimo vyako yapo tayari. Tafadhali fika kliniki mapema.

Nikampigia.

"Mama, kliniki uliwapa namba ya nani?"

"Yako, ya nani tena? Hii yangu nani atasoma? Najua majibu unayo, mwanangu. Kila Jumapili nakuuliza, unasema hakuna jipya. Siku ile umeleta mchele nikasema leo anasema, nikakaa kabisa. Ukaanza mambo ya mabati."

"Mama, sikujua."

"Sawa, baba. Usilie huko kazini, watu watakuona."

Kesho yake nilimfuata, nikampeleka hospitali kubwa. Ilikuwa saratani ya titi, na ilikuwa imeshatembea. Daktari alisema kwa upole kwamba angekuja mapema kidogo wangekuwa na la kufanya. Sikumwuliza mapema kiasi gani. Tarehe ya ujumbe wa kwanza ninayo.

Katika wiki zake za mwisho nilimweleza kila kitu, nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda chake: simu iliyonikera, orodha, kumbukumbu nilizozizima ili kuokoa diski. Nilichora hata kwenye karatasi. Nilitaka anikasirikie. Nilitaka ajue kwamba sikuwa mtoto mwema aliyeshindwa kumwambia mama yake habari nzito, nilikuwa fundi aliyekereka na mlio wa simu, na kiburi juu yake. Nilieleza mara ya kwanza, nikaeleza mara ya pili. Mara ya tatu nililia katikati ya maneno.

Alisikiliza kama alivyosikiliza habari za mabati. Kisha akauinua mkono, ulikuwa mwepesi sana, akauweka kichwani kwangu.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Hata mimi siku ile nilikwambia baba yako anaumwa kidogo."